Mlenda ni mtamu, ila mtamu kwa nani?

Jumamosi mchana nilikuwa Soko la Majengo, nimekaa kwenye benchi kwa mama ntilie ambaye nakula kwake kila nikienda sokoni, na pembeni yangu kakaa jirani yangu, kijana aliyehamia Dodoma kikazi kutoka Dar kwenye ule wimbi la serikali kuhamia huku lililoanza 2016. Mama akatuletea ugali wa uwele unafuka moshi na bakuli la mlenda. Jirani akamega tonge, akalibonyeza katikati kwa dole gumba, akachovya, akanyanyua mkono, na ule mlenda ukavutika uzi mrefu toka kwenye bakuli mpaka mdomoni, haukukatika mpaka alipozungusha mkono. Akameza. Akanyamaza. Mama alikuwa bado kasimama hapo hapo na kitambaa mkononi anamwangalia.

"Vipi kaka, mtamu eeh?"

"Samahani mama angu, huu sio mtamu."

"Hapana baba, mtamu huo. We ndo hujajua kula."

Mzee mmoja wa benchi la pili, aliyekuwa anakula zake wali maharage, akaingilia: "Acheni kubishana nyie, kila mtu na ladha yake." Basi watu wakaitikia kwa vichwa, mama akarudi kwenye masufuria yake, ikaishia hapo.

Hiyo kauli ya kila mtu na ladha yake nimeisikia tangu utoto na sijawahi kuitilia shaka, ila siku ile nimetoka pale nayo kichwani mpaka nafika nyumbani, kwa sababu niliona kabisa kwamba haikujibu kitu. Mama alisema mlenda ni mtamu, jirani akasema sio mtamu. Mmoja kasema ndiyo, mwingine kasema hapana, juu ya bakuli moja, saa ileile. Sasa kama kila mtu na ladha yake ndo jibu, ina maana hawakuwa wanabishana? Mbona mama alianza na "hapana"? Hapana ya nini kama wote wako sawa?

Swali hili wanafalsafa wa lugha wanalihangaikia kwa miaka mingi sasa na wamegawanyika, na mi naamini sisi wa Dodoma tuna sababu ya kulijali kuliko watu wengi, nitasema kwa nini huko mbele.

Kundi la kwanza ni la wale wanaosema maana ya neno tamu inategemea muktadha. Hoja yao inaanzia kwenye maneno kama mimi, hapa, leo, jana. David Kaplan, mwanafalsafa wa Marekani, kwenye kazi yake iliyochapishwa 1989 ila ilikuwa inazunguka mikononi mwa watu tangu miaka ya 70, alionyesha kwamba maneno ya namna hii yana kanuni moja isiyobadilika lakini kinachosemwa kinabadilika kila anapobadilika msemaji au mahali. Mtu wa Njombe akikupigia simu mwezi wa saba akasema "hapa baridi kali", na we uko Dodoma unamwambia "hapa jua linawaka", hamjabishana hata kidogo, hapa yake ni Njombe na hapa yako ni Dodoma. Basi wanasema tamu nayo iko hivyohivyo, ndani yake kuna "kwa" iliyofichwa. Mama kasema mtamu kwangu, jirani kasema sio mtamu kwangu, wote wamesema kweli, kwishnei. Yule mzee wa wali maharage alikuwa kundi hili bila kujua. Na hata Kant, yule Mjerumani, mwaka 1790 alikuwa upande huohuo kwenye habari ya kinywaji: anasema mtu akisema mvinyo wa visiwa vya Canary unapendeza halafu mwenzake akamrekebisha kwamba aseme unanipendeza mimi, ataridhika tu, hatagomba, ugomvi Kant aliuacha kwa ajili ya uzuri wa vitu kama mashairi na majengo.

Na kwa haki kabisa kundi hili lina nguvu zake. Chukua wachungaji wetu. Mvua ikishanyesha huku kwetu, Desemba kwenda Januari, nyasi zikaanza kuchipua, utamsikia mchunga mbuzi akisema "wamepata majani matamu leo", na hakuna mtu atamuuliza we ulionja lini. Kila mtu anajua utamu huo ni kwa mbuzi. Hiyo "kwa" ipo, haijatamkwa ila ipo. Mama naye akimlisha mtoto uji usio na sukari hata chembe anamwambia "tamu hiyo, tamu, meza", anaongea kutokea kwenye ulimi wa mtoto na sio ulimi wake. Kwa hiyo yeyote anayesema tamu haina kabisa mlango wa kuingiza mtu atakuwa na kazi ya kuelezea mbuzi.

Afu kuna kingine hapa nakipenda sana. Mchungaji hahitaji kuonja majani, lakini mimi na wewe tukisema chakula ni kitamu bila kutaja mwenyewe, ni lazima tuwe tumekionja. Jaribu kusema "mlenda wa mama huyu ni mtamu ila sijawahi kuuonja." Haikai. Atakayekusikia atakushangaa. Utasema "wanasema ni mtamu", "nasikia", "unaonekana mtamu", ila sio hivi hivi tu ni mtamu. Urefu wa mnara unaweza kuusema bila kuuona, bei ya zabibu Hombolo, hapa hapa Dodoma, unaweza kuisema bila kufika Hombolo, ila utamu hapana. Utamu wa ngoma uingie ucheze, wazee walishaliona hilo.

Sasa tatizo la kundi hili ni lile neno la mama, hapana. Mtu akikwambia "mimi nimeshiba", huwezi kumjibu "hapana, mimi sijashiba", watu watakuangalia vibaya, kwa sababu shibe yake na njaa yako hazigongani. Kama mtamu ingekuwa ni mtamu kwangu na hakuna zaidi, "hapana" ya mama ingekuwa ya ajabu namna ileile. Lakini haikuwa ya ajabu, ilikaa sawa kabisa, hakuna aliyeshtuka pale sokoni. Wapo wanaojaribu kuokoa jahazi kwa kusema iliyofichwa sio kwangu bali ni kwetu. Sawa, kwetu nani? Ikiwa kwetu ya mama ni watu wa kati huku na kwetu ya jirani ni watu wa Pwani, tumerudi palepale, Njombe na Dodoma, hakuna ubishi. Na ikiwa kwetu ni binadamu wote basi hakuna chakula duniani mtu angekithubutu kukiita kitamu, maana hakuna ambacho wote wanakipenda.

Kuna wanaokimbilia upande wa pili kabisa: utamu uko kwenye chakula chenyewe, anayeukosa ana kasoro. David Hume, Mskoti, mwaka 1757 aliwatolea mfano wa jamaa wawili walioitwa waonje pipa la mvinyo, mmoja akasema mzuri ila una kaladha ka ngozi, mwingine akasema mzuri ila una kaladha ka chuma, watu wakawacheka, pipa lilipoisha wakakuta chini ufunguo wa zamani umefungwa kamba ya ngozi. Yaani ulimi unaweza kuwa na ujuzi na ujuzi ukathibitishwa.

Mi kisa hiki kinanigusa kwa sababu natoka mkoa wa zabibu, tunavuna mara mbili kwa mwaka, na waini tunaijua. Nenda duka lolote hapa mjini, muuzaji atakuuliza unataka tamu au kavu. Hapo tamu ni sukari iliyobaki kwenye waini baada ya kuchacha, inapimwa kwa gramu maabara, na ukisema chupa ya kavu ni tamu kwa maana hiyo umekosea, hakuna cha ladha yako. Sasa msikilize mteja anayependa kavu anavyojibu: "nipe kavu, kavu ndo tamu." Na muuzaji anamwelewa, anampa, hakuna anayesema kajipinga. Neno moja, kazi mbili, kwenye mazungumzo hayohayo. Tamu ya kwanza ina kipimo nje ya watu, tamu ya pili haina, na Hume na ufunguo wake anatufikisha kwenye ile ya kwanza tu. Ngozi na chuma vilikuwemo kwenye pipa, sawa, lakini kama ngozi inaharibu au inanogesha, hilo ufunguo hausemi.

Na ndimi zenyewe hazifanani, hili sio la falsafa. Mwaka 1931 mkemia Mmarekani Arthur Fox alikuwa anamimina poda ya kemikali inaitwa PTC, vumbi likaruka, mwenzake wa maabara akalalamika kwamba hewa imekuwa chungu, Fox hakuhisi kitu chochote. Wakaonja wote, mmoja chungu, mwingine hakuna ladha. Mwaka 2003 watafiti wakaipata jeni inayohusika kwa sehemu kubwa, TAS2R38. Kwa hiyo ukiona watu wawili wanakula mnafu na mmoja anasema mchungu na mwingine haoni uchungu, inawezekana kabisa hakuna anayeringa wala anayedeka. Nani kati yao ana kasoro? Mi siwezi kusema.

Ndo hapo wanaingia wale wa kundi la tatu, na moyo wangu uko karibu na hawa. Mwanafalsafa Max Kölbel miaka ya mwanzo ya 2000 aliandika juu ya mabishano yasiyo na mkosaji, yaani watu wawili wanapingana kweli na hakuna aliyekosea. Mwanaisimu Peter Lasersohn mwaka 2005 akatengeneza namna ya kulieleza hilo kwa vyombo vya semantiki, yaani taaluma ya maana za maneno na sentensi. Anasema mama na jirani hawakusema vitu viwili tofauti, walisema kitu kimoja, mmoja akakikubali mwingine akakikataa, ndo maana hapana inakaa. Ila kitu hicho ukweli wake haupimwi kwa jinsi dunia ilivyo na saa ngapi peke yake, unapimwa pia kwa mwamuzi, ulimi wa nani ndo unatumika kupima. Kwa ulimi wa mama ni kweli, kwa ulimi wa jirani sio kweli. Kwangu inasikika kama ilivyo sokoni: mlenda ni mmoja, kauli ni moja, waamuzi ni wawili.

Mwanafalsafa John MacFarlane akasogea mbele zaidi, kwenye kitabu chake cha 2014: mwamuzi sio aliyesema, ni anayeipima kauli, na anaweza kuipima leo au baada ya miaka ishirini. Kwa hiyo kama utotoni ulisema kitu ni kitamu na leo hukipendi, unatakiwa uifute ile kauli yako ya utotoni, ulisema kisicho kweli ukipima kwa ulimi wa leo, hata kama siku ile ulikuwa na haki ya kukisema.

Hapa kwenye kufuta kauli ndo ninapobaki sana, kwa sababu ya jambo langu mwenyewe. Nimekulia kwa shangazi Hombolo. Kiangazi huku ni kirefu, mvua ni msimu mmoja tu, kwa hiyo mboga zinaanikwa, na shangazi alikuwa anaanika majani ya mlenda juu ya kichanja, yakikauka anatwanga, anachekecha, unga wake anaweka kwenye debe unakaa mwaka mzima. Jioni anachemsha maji na magadi kidogo, ananyunyiza ule unga huku anapekecha kwa upekecho katikati ya viganja, harakaharaka usifanye madonge, nyumba nzima inanukia. Nilikula huo mlenda nikaupenda. Halafu nikaenda sekondari ya bweni mkoa mwingine, wenzangu wakajua tunakula nini, wakaanza kuniita majina, kuiga jinsi mlenda unavyovutika, na siku moja mbele ya darasa mtu akaniuliza, "eti ule mlenda ni mtamu?" Nikasema sio mtamu.

Sasa kile nilichosema, nakifutaje? Sikuwa nimebadilika ulimi. Nilisema uongo, na ninakumbuka aibu yake mpaka leo. Angalia kwamba niliweza kudanganya kwa neno hilo tu. Na nilidanganya kuhusu nini? Wa kundi la kwanza atasema kuhusu mimi, kuhusu hisia zangu, na kwa sehemu ni kweli. Lakini kilichonichoma sio kwamba nilificha hisia zangu. Kilichonichoma ni kwamba nilimsaliti shangazi, niliukana mlenda wake mbele za watu. Ningesema "mi siupendi" ningekuwa nimejisemea mwenyewe. Nilisema "sio mtamu", na hiyo ilikuwa ni kauli juu ya mlenda, kwa niaba ya yeyote atakayekaa mbele ya bakuli.

Kiswahili chenyewe kinalitenganisha hili vizuri kuliko lugha nyingi ninazozisikia zikitolewa mifano kwenye mijadala hii. Chai imenoga, nimenogewa na chai. La kwanza ni la chai, la pili ni langu, na mtu akisema "nimenogewa" huwezi kumjibu "hapana, haujanoga moyo wako", utasema tu vizuri, karibu tena. Tuna "sioni utamu wake", ambayo nadhani ni sentensi ya adabu kuliko zote: anayeisema anauacha utamu ulipo, anasema tu jicho lake halijaufikia. Jirani yangu angesema "mama, mi sijauona utamu wake bado", mama angecheka na kumwongeza mlenda. Na tuna "hujajua kula", ambayo inamtupia lawama mlaji waziwazi, halafu lile "ja" la hujajua linamwachia mlango, kwamba utajua. Lugha yenye maneno kama hayo haiwezi kuwa inaamini kwamba kila mtu na ladha yake na hakuna cha kuongea. Wasemaji wake wanabishana kuhusu utamu kwa sababu wanataka kitu kutoka kwa wenzao.

Wanataka nini? Nadhani anayesema ni mtamu bila kuweka kwangu anakualika. Anasema njoo uwe mwamuzi pamoja nami, ukae upande huu wa bakuli. Anayesema sio mtamu anakataa mwaliko huo na anatoa wa kwake. Ndo ugomvi wenyewe, na ni ugomvi wa kweli, maana hatuwezi kupika vitu viwili kila siku, hatuwezi kulea watoto kwa ndimi mbili, mmoja lazima amfundishe mwenzake. Kuna wanaisimu wanaosema mabishano ya namna hii ni mashauriano juu ya neno litumikeje hapa tulipo, na sioni hilo linagombana na Lasersohn, ni kama linaeleza kwa nini tunajali mwamuzi ni nani.

Na hapa ndo nilisema nitafika. Kwenye mji ambao umepokea watu wengi kwa muda mfupi kama wetu, lile swali la mwamuzi halibaki darasani. Nimekaa kwenye semina za hapa Dodoma, kwenye ukumbi wa hapa Dodoma, mshereheshaji anatangaza "leo tumeandaliwa chakula kitamu" na mezani kuna pilau, kuku, chipsi, mpaka mwisho kabisa kona moja kuna kibakuli kimeandikwa vyakula vya asili, na ndani yake kuna mlenda umepoa umeganda. Kitamu kwa nani? Hakuna aliyetaja. Ile nafasi ya kwa iliyoachwa wazi ilishajazwa kabla hatujaingia ukumbini, imejazwa na ulimi wa mwenye kipaza sauti, na kwa kuwa haikutamkwa hakuna wa kuipinga. Ndo maana ile "kila mtu na ladha yake" inaniumiza. Inasikika kama amani, ila ukiitazama inafunga mdomo wa yule ambaye chakula chake ndo kimewekwa kona. Mama ntilie wa Majengo alipokuwa anasema hapana, mtamu huo, alikuwa anagombea kiti cha mwamuzi kwenye mji wake mwenyewe, na mzee wa wali maharage akamwambia akae chini.

Sisemi jirani yangu alikosea. Kwa ulimi wake siku ile alisema kweli, na sitaki mtu alazimishwe kumeza. Ninachokataa ni kumwambia mama kwamba hakuwa anasema kitu.

Jirani alirudi pale mara nyingi, sio kwa sababu ya mlenda, ni kwa sababu ni karibu na anapofanyia shughuli zake, na mama kila mara anamwekea kibakuli pembeni bila kumdai. Miezi ikapita. Mwezi uliopita nilimchukua twende naye Hombolo kumwona shangazi, ambaye sasa amezeeka ila bado anapekecha mwenyewe. Akaandaa, tukanawa, jirani akaonja, akatikisa kichwa.

"Shangazi, mzuri, ila haujaweka karanga. Karanga ndo utamu wenyewe."

"Karanga?" Shangazi akashusha tonge. "Karanga zinauharibu mwanangu. Zinafunika ladha yote."

"Hapana shangazi, zinaunogesha, mama wa Majengo anaweka."

"Huyo mama naye hajui."

Wakaendelea hivyohivyo, mmoja anachovya mwingine anachovya, mpaka ugali ukapoa kwenye sinia.